Birika la kioo: namna ya kulichagua, kulitumia na kulitunza

Kabla ya kuingia dukani, jiulize nyumbani kwenu mnakunywa chai gani. Kama ni chai ya maziwa inayochemshwa na tangawizi kwenye sufuria, ikachujwa na kumiminwa kwenye chupa ya chai ikae mpaka saa nne, birika la kioo halina kazi kwako. Maziwa huacha utando kwenye kuta zake, malai huziba chujio, na chai yenyewe hupoa kabla mtu wa tatu hajanawa uso. Baki na chupa yako, pesa ongezea kitu kingine.

Ila kama nyumba yenu ni ya chai ya rangi, mchaichai, choya, iliki na mdalasini, au unapokea wageni alasiri barazani, birika la kioo litakufaa kuliko la udongo na la bati. Uzuri wake mkubwa si urembo. Ni kwamba unaona rangi ya chai ikifika pale unapoitaka, na unayatoa majani papo hapo. Birika la bati halikwambii kitu mpaka umimine.

Kwanza kabisa, ni kioo gani?

Mabirika ya kioo ni ya aina mbili kuu. Kuna kioo cha kawaida, kilekile cha chupa ya soda, glasi ya maji na dirisha. Halafu kuna borosiliketi, kioo kilichochanganywa na boroni. Hiki kilianzia Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, katika mji wa Jena, kwa kazi ya mkemia Otto Schott, aliyekuwa anatafuta kioo cha kutengenezea vipimajoto, taa na vyombo vya maabara. Mwaka 1915 kampuni ya Corning ya Marekani ikaanza kukiuza kama vyombo vya jikoni kwa jina la Pyrex. Na mwaka 1931 Wilhelm Wagenfeld akabuni birika la kioo chembamba la kiwanda cha Jena. Ukiliona kwenye picha utadhani ni la juzi.

Kwa nini ujali? Kioo kikipata joto hutanuka. Ukimimina maji yanayotokota, upande wa ndani hutanuka mara moja ilhali upande wa nje bado ni baridi, na mvutano huo ndio unaopasua chombo. Borosiliketi hutanuka kama theluthi tu ya kioo cha kawaida kwa joto lilelile. Hapa Mtwara birika lililokaa kabatini lina nyuzi 27 au 28 hivi, maji ya chai yana 100. Tofauti ni nyuzi zaidi ya 70. Borosiliketi nzima isiyo na mkwaruzo huibeba tofauti hiyo kila siku. Kioo cha kawaida kinaweza kuvumilia leo, kesho kikakuachia chai yote mezani.

Usichague kwa unene. Wengi hupiga kucha kwenye birika zito na kusema hili ndilo imara. Dhidi ya kugongwa, sawa, lakini dhidi ya joto kioo kinene ndicho kinachosumbuka zaidi, maana joto huchelewa kufika upande wa nje. Borosiliketi nzuri mara nyingi ni nyembamba, na huwa nyepesi mkononi kuliko macho yanavyotarajia.

Muuzaji ukimuuliza, mazungumzo huwa mafupi:

"Dada, hili linavumilia maji ya moto?"

"Linavumilia mama, we chukua tu."

Usimlaumu, naye kaletewa mzigo kutoka Kariakoo bila maelezo. Soma boksi mwenyewe. Tafuta neno borosilicate, wakati mwingine likifuatiwa na 3.3, namba inayohusu kutanuka kwa kioo hicho. Jina Pyrex peke yake si ushahidi tena, kwa kuwa zipo bidhaa za jina hilo zinazotengenezwa kwa kioo cha kawaida kilichoimarishwa kwa joto. Kama boksi limepotea, tazama ukingo wa mdomo kwa upande: kioo cha kawaida mara nyingi huonyesha ukijanikijani, borosiliketi huwa karibu haina rangi.

Ipo njia nyingine ya nyumbani ambayo mimi naipenda. Kama birika lina chujio la kioo au mfuniko wenye kishikio cha kioo kitupu, tumbukiza kipande hicho kwenye glasi ya mafuta safi ya alizeti. Borosiliketi na mafuta hayo hupindisha mwanga kwa kiwango kinachokaribiana sana, hivyo sehemu iliyozama karibu itoweke: utaona kipande kinaishia pale mafuta yanapoanzia. Kioo cha kawaida kitaendelea kuonekana, kingo zake zote wazi. Mafuta ya nazi hayafai kwa jaribio hili, hata kama ndiyo yaliyojaa nyumbani. Ukimaliza, osha kwa sabuni.

Kulikagua dukani

Omba maji ya kunywa, weka birika nusu, kisha mimina polepole. Mkondo uwe mmoja, usitawanyike, na ukisimamisha mkono tone la mwisho lirudi ndani badala ya kuteleza chini ya mdomo na kuchafua kitambaa cha meza. Ncha ya mdomo iwe juu sawa na ukingo wa birika au zaidi. Ikiwa chini, chai itatoka mdomoni kabla birika halijajaa. Muuzaji akikataa maji yasiguse bidhaa yake, nenda duka la pili.

Mfuniko ujaribu kwa kuinamisha birika tupu kama unayemalizia kikombe cha mwisho, kidole kikiwa karibu. Ukiteleza dukani utaanguka nyumbani, tena kwenye kikombe cha mgeni. Uwe na tundu dogo la hewa, vinginevyo chai hutoka kwa kukwama. Mifuniko ya mianzi inapendeza kwenye picha, lakini kwa unyevu wa pwani yetu huota ukungu upande wa chini usiouona. Ukiipenda sana basi uwe mtu wa kuianika.

Mkono wa birika uingize vidole vyako vyote halafu uone kama mafundo ya vidole yanagusa tumbo la birika. Sasa hivi ni baridi. Likiwa na chai utayakumbuka. Pale mkono ulipounganishwa na tumbo, inua kwenye mwanga utafute kiputo au mstari. Kiputo kidogo kwenye tumbo ni alama tu ya kiwandani, lakini kwenye kiungo hapana, liache. Yapo mabirika ambayo mkono hushikwa kwa mkanda wa chuma na skrubu. Kwa bara huko sawa, ila kwa sisi wa Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko, upepo wa chumvi hula skrubu hizo, na mkanda ukilegea birika linaondoka na chai yake. Mkono wa kioo uliounganishwa moja kwa moja ndio ninaoupendekeza.

Chujio ndilo linalosahaulika, na hapa ndipo mabirika mengi ya kigeni yanapotushinda. Machujio ya kioo yenye mipasuo yalikusudiwa majani marefu ya chai, yale yanayofunguka kama jani zima. Majani yetu ya kila siku, yanayotoka Mufindi, Njombe, Rungwe au Lushoto, mengi yamesagwa na kuviringwa kuwa punje ndogo. Yatapita kwenye mipasuo hiyo yote na kukaa chini yakiendelea kutoa ukali. Ule waya uliozungushwa wa kuziba mdomo kwa ndani nao hausaidii sana, unafaa kwa vipande vya mchaichai na tangawizi. Kwa majani yetu unahitaji kikapu cha wavu laini wa chuma kisichoshika kutu. Kishike kwenye mwanga: kama unaona matundu kwa urahisi, punje zitapita. Kisha angalia urefu wake. Kikapu kifupi kinachoning'inia juu hakigusi maji unapotaka kupika vikombe viwili tu.

Ukubwa hauhitaji maneno mengi. Kikombe cha chai cha kwetu ni kama mililita 200. Zidisha kwa idadi ya wanywaji wa kawaida, si wa sikukuu. Birika la mililita 800 linatosha watu wanne. La lita moja na nusu likijaa linafika kama kilo mbili ukijumlisha chombo chenyewe, na bibi hataweza kulimimina kwa mkono mmoja.

Kama unalileta kutoka Dar es Salaam, hiyo ni safari ya takriban kilomita 560 mpaka Mtwara. Usiliweke kwenye buti la basi. Toa mfuniko na kikapu, kila kimoja kikunje peke yake kwa kanga, jaza nguo laini ndani ya tumbo na kuuzunguka mdomo, weka kwenye boksi ambalo ukilitikisa hakuna kinachocheza, kisha lipakate.

Siku ya kwanza

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, suuza, kausha. Kuna wanaoshauri ulichemshe birika kwenye sufuria yenye chumvi ili "kulikomaza". Chumvi haifanyi lolote, na kuchemsha hakukifanyi kioo kuwa imara zaidi. Faida iliyopo ni ya ukaguzi: weka kitambaa chini ya sufuria, birika juu yake, maji baridi mpaka lifunikwe, pasha polepole hadi yachemke, zima, acha yapoe yenyewe. Kama kiwandani lilitoka na kasoro, huenda ikajionyesha hapo, risiti ikiwa bado mfukoni.

Moto

Birika la kioo ni chombo cha mezani. Maji yachemshiwe kwenye jagi la umeme au sufuria, kisha yaletwe kwenye birika. Yapo yaliyotengenezwa kuwekwa kwenye jiko, na boksi lake husema hivyo waziwazi; hayo yanakubali moto mdogo wa gesi, chini ya tako pakiwa na bati la kusambazia moto, na ndimi zisipande ubavuni. Likiwa na maji, si tupu. Jiko la mkaa hapana, kwa birika lolote la kioo. Kaa moja huwa jekundu upande huu na upande wa pili majivu, kioo kinapashwa nusu nusu, halafu linakaa juu ya mafiga ya chuma yasiyolingana. Jiko la umeme la sumaku halitalipasha hata ukikesha. Kwenye maikrowevu linaweza kuingia likiwa kioo kitupu, bila kikapu cha chuma, bila mkanda, bila ukingo wa rangi ya dhahabu.

Vile viwekeo vya mshumaa vinavyouzwa pamoja na birika vinafanya kazi ya kuhifadhi joto, havichemshi. Barazani msimu wa kusi mshumaa hulala upande mmoja na kupasha ubavu badala ya tako, basi weka ndani. Na uzime chai ikibaki kidole kimoja.

Kupika chai ya rangi

1. Chemsha maji mapya. Wakati yanaanza kuimba, mimina kidogo kwenye birika, lizungushe ili joto lifike kuta zote, kisha yamwage. Wengine huweka kijiko cha chuma ndani kabla ya kumimina. Kinasaidia kidogo kwa kunyonya joto, lakini hakifui dafu mbele ya birika lililopashwa. Asubuhi za Juni na Julai, hasa huko juu Newala, hatua hii usiiruke.

2. Weka birika kwenye kitambaa kilichokunjwa au kikeka cha ukindu, kikavu. Hapa ndipo mabirika mengi huishia: linatolewa likiwa la moto na kuwekwa kwenye sinia la bati lililotoka kusuuzwa, au kwenye vigae vyenye maji. Tako la moto, maji baridi chini yake, tak.

3. Weka majani kwenye kikapu, kijiko cha chai kimoja cha bapa kwa kila kikombe. Mimina maji yanayochemka juu ya majani, si kwenye kuta.

4. Funika na utazame. Mwanzo rangi hushuka kwa nyuzi nyuzi za kahawia kutoka kwenye kikapu, zinakaa chini, kisha birika zima linakuwa rangi moja. Kwa majani yetu dakika tatu mpaka nne zinatosha. Ikifika wekundu wa kahawia unaopitisha mwanga, toa kikapu. Ukikiacha, dakika ya saba chai inakauka ulimini na sukari haiwezi kuificha.

Tangawizi haitoi utamu wake kwa kumwagiwa maji tu. Iponde, ichemshe kwenye sufuria dakika kumi, uchuje maji hayo ndiyo yapikie majani. Iliki zilizopasuliwa na kijiti cha mdalasini vinaweza kuingia kwenye kikapu pamoja na majani. Mchaichai ukate vipande vya urefu wa kidole, uvigonge, uviache dakika saba au nane. Choya vilevile, na huo ndio mfalme wa birika la kioo kwa wekundu wake. Chai ya kijani inataka maji yaliyopoa mpaka nyuzi 80 hivi na dakika mbili, la sivyo inakuwa chungu.

Ndimu ikamuliwe kwenye kikombe. Ukiikamulia kwenye birika utaona chai inapauka ghafla. Ni asidi inabadilisha rangi, chai haijaharibika, lakini asiyetaka ndimu atakuwa umemnyima haki yake. Maziwa na sukari navyo vikae pembeni kwenye vyombo vyake.

Kioo hakihifadhi joto. Baada ya kama nusu saa chai itakuwa ya vuguvugu. Wageni wakiwa wa kukaa, kikapu kikishatoka, mimina inayobaki kwenye chupa ya chai.

Maji yenu

Visima vingi vya pwani hii vimechimbwa kwenye miamba ya chokaa na matumbawe, na maji yake ni magumu. Chai hutoka nzito, imefifia, na juu yake hutanda ngozi nyembamba inayong'aa kama mafuta, ambayo huvunjika vipande ukiipulizia. Kwenye birika la bati huijui, kwenye kioo itakutazama. Pika birika moja kwa maji ya kisima na moja kwa maji ya mvua yaliyokingwa vizuri, kwa majani yaleyale, uyaweke dirishani pamoja. La mvua litakuwa safi na jekundu zaidi. Ndiyo maana chai ya walio na matangi ya mvua, huko uwanda wa Makonde, inaweza kupendeza kuliko ya mjini ingawa majani ni ya duka moja.

Kuosha

Subiri lipoe. Lililotoka mezani likiwa na joto lisitiwe maji ya bomba, wala lisizamishwe kwenye beseni. Msichana au kijana anayekusaidia kazi umweleze hili kabla ya jambo lingine lolote.

Kila siku: sabuni ya maji, dodoki lililolowekwa likalainika, na brashi nyembamba ya chupa ya mtoto kwa ajili ya mdomo. Mchanga, majivu na stilwaya ni vya masufuria. Kwenye kioo vinaacha mikwaruzo ambayo hata huioni, na ufa huanzia kwenye mkwaruzo. Birika lililosuguliwa kwa mchanga mwaka mzima halina tena uvumilivu lililotoka nao kiwandani, hata kama ni borosiliketi.

Ukiona uchafu, ujue kwanza ni upi, maana dawa zake hazifanani. Madoa ya kahawia ni ya chai: nyunyiza magadi soda kijiko kimoja, maji ya vuguvugu, acha saa moja, futa. Ukungu mweupe unaokwaruza kidole ni chokaa ya maji, na magadi hayaugusi. Huo unataka asidi. Kamua ndimu mbili au weka siki kijiko kikubwa kwenye maji ya vuguvugu, acha mpaka uone viputo vidogo vimekoma, suuza. Usichanganye magadi na siki kwa pamoja ukitegemea nguvu maradufu, zinauana. Kona zisizofikika, weka kijiko cha mchele mkavu, maji kidogo na tone la sabuni, uzungushe birika kwa mkono. Mchele unasugua bila kukwaruza.

Kikapu cha chuma kigonge kikiwa kibichi, majani yakikaukia kwenye wavu hayatoki. Kikaushe kabisa, chumvi ya hewani ikikutana na unyevu hata chuma kizuri huota vidoa. Birika lenyewe lihifadhi mfuniko ukiwa pembeni, hewa ipite, kwenye rafu ya chini ya kabati na si juu ya friji linapotetemeka.

Likipata ufa

Mara kwa mara likaushe, liinue kuelekea dirishani uzungushe taratibu, ukipitisha ukucha kwenye kiungo cha mkono na shingo ya mdomo. Ukucha ukikwama kwenye mstari, kazi ya maji ya moto imeisha siku hiyo hiyo. Gundi haifai, inaachia kwa joto. Lifanye chombo cha maua au cha kuhifadhia korosho zilizokaangwa.

Mfuniko ukivunjika peke yake usitupe birika. Pima upana wa ndani wa shingo kwa rula, milimita kwa milimita, kisha tembea na kipimo hicho dukani. Mifuniko ya mitungi midogo mara nyingine inakaa sawasawa. Likivunjika lote, vipande vifunge kwenye gazeti na boksi, uandike juu "vioo", usivimwage kwenye shimo la taka ambalo watoto hupita pekupeku. Wanaokusanya chupa usiwape borosiliketi. Inayeyuka kwa joto kubwa kuliko kioo cha chupa, na ikichanganyika tanuruni inawaharibia mzigo.